Jumamosi Tano za Mama Skola

Wapendwa, kaeni. Mama pale nyuma, mpishe mwenzio, benchi hilo ni la watu watano na mmekaa watatu. Asante. Leo nina jambo linaloninyima raha tangu Jumatano, na nimeshindwa kulisema kwa njia nyingine, kwa hiyo nitalisema kwa hadithi. Msianze kutazamana, maana jumuiya ninayoitaja haipo parokia hii. Nimeitunga mwenyewe. Ila ukiona inafanana na ya kwenu, hilo ni lako na Mungu wako, mimi simo.

Kulikuwa na jumuiya moja katika mji wa baridi, miji ile ambayo watu wanakwenda kusali saa kumi na mbili asubuhi wamevaa masweta mawili. Ilikuwa na familia kumi na tisa. Kila Jumamosi walikutana katika nyumba moja, wiki inayofuata nyumba nyingine, kwa zamu, kama mnavyofanya ninyi. Mnaijua sebule ya jumuiya. Makochi yamesukumwa ukutani, mkeka uko katikati, kimeza kina kitambaa cheupe na msalaba na mshumaa, na viatu vyote vimebaki nje mlangoni. Wanasali, wanasoma Neno, wanashirikishana. Kisha kabla ya sala ya kufunga katibu anafungua daftari la mahudhurio na kusoma majina, na ukisomwa jina lako unajibu, "Nipo."

Daftari lile lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza mnaijua na mnaiogopa. Mtu ambaye mahudhurio yake ni mabovu, akija kuomba barua ya jumuiya ili mtoto abatizwe au binti afunge ndoa, mwenyekiti anakohoa kwanza kabla ya kushika kalamu. Na siku mtu huyo akifa, maneno yanaanza hata kabla jeneza halijanunuliwa: huyu alikuwa anasali wapi? Nani kati yenu hajawahi kuliwaza hilo usiku akiwa na homa? Nami nawajua, wapo wanaokuja jumuiya kwa kuogopa siku ya maziko yao kuliko kwa kumpenda jirani.

Kazi ya pili ilikuwa imeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa wazee walioianzisha jumuiya. Ilisema hivi: mtu akikosa Jumamosi tatu mfululizo, basi Jumapili inayofuata, baada ya Misa ya pili, jumuiya nzima itakwenda nyumbani kwake kumwona. Hakuna kumpigia simu kwanza wala kumwuliza kama ana nafasi. Wanakwenda tu, wanaimba mlangoni, wanaingia. Utaratibu mzuri kiasi gani huo. Ungekuwa umelala mgonjwa, hungehitaji hata kuomba. Ungehitaji kuhesabu tu.

Sasa, ukaja mchezo wa kumjibia mwenzako jina lake, na ulianza vizuri. Ilikuwa asubuhi ya mvua, jina la mama mmoja likasomwa na yeye hajafika, jirani yake akasema, "Yupo huyo. Nimempita pale kwenye kalavati anakung'uta matope." Katibu akaweka alama ya vema, na kweli mama yule akaingia wakati wa sala ya mwisho, sketi imelowa mpaka magotini. Kuna ubaya gani hapo? Hakuna. Wiki nyingine akachelewa mwingine, akajibiwa vilevile. Baadaye wakaanza kujibiwa hata wasiofika kabisa. Jina likisomwa na sebule ikawa kimya, mtu anasema "Yupo," watu wanacheka kidogo, katibu anaweka vema, wanaendelea. Kila mtu alijua kwamba leo mimi nimemjibia yeye, na kesho nikilala yeye atanijibia mimi. Waliita huruma. Mimi nilipoianza hadithi hii nami nilitaka kuiita huruma.

Katibu alikuwa mwanamke wa makamo, karani mstaafu wa shule, mwenye mwandiko ambao ungeutundika ukutani. Alilipenda daftari lake. Alilifunika kwa gazeti na nailoni juu yake, na alikuwa na rula ya kupigia mistari. Mwenyekiti naye alikuwa mtu wa kupenda sifa, simsemi vibaya, alipenda jumuiya yake isifiwe kama baba anavyopenda mtoto wake asifiwe. Mapengo kwenye daftari yalimuuma tumboni.

Na alikuwepo mjane mmoja, tumwite Mama Skola. Mume alishafariki, na huyo Skola ni binti yake wa pekee, ameolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Mama Skola alikuwa mwembamba, mpole, si mtu wa kuanzisha wimbo wala kutoa maoni marefu. Alikaa karibu na mlango. Alikuwa na kisukari, jambo ambalo watu walilijua kwa sababu alikataa sukari kwenye chai, wakamtania kwamba anaringa. Zaidi ya hapo, ningewauliza watu wa jumuiya ile waniambie habari za Mama Skola, wangeishia hapo.

Jumamosi ya kwanza Mama Skola hakufika.

Jina likasomwa. Kimya. Katibu akainua macho juu ya miwani. Wiki ile paroko alikuwa ameagiza madaftari yote yafikishwe ofisini mwishoni mwa mwezi, na mwenyekiti alikuwa anamtazama katibu kwa jicho lile mnalolijua. Kalamu ikasimama hewani. Kisha mtu mmoja mle ndani akasema, "Yupo," na vema ikaandikwa. Nani alisema? Tutafika.

Jumamosi ya pili akajibiwa tena. Jumamosi ya tatu akajibiwa tena, safari hii haraka, hata jina halijamalizika.

Jumapili iliyofuata, katika Misa ya pili, paroko akasimama mbele kama nilivyosimama mimi hapa, akasema ameona madaftari ya jumuiya zote, na kuna jumuiya moja tu ambayo mwezi mzima haina pengo. Akawaita wasimame. Wakasimama wote na masweta yao, kanisa zima likawapigia makofi. Mwenyekiti aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini mabega yalikuwa yamepanda. Katibu alipiga makofi pamoja na wengine, na katikati ya makofi yale kitu fulani kikamchoma moyoni, kidogo tu. Akakinyamazisha. Ninyi hamjawahi kunyamazisha kitu cha namna hiyo? Mimi nimewahi, na najua kilivyo chepesi kunyamaza mara ya kwanza.

Jumamosi ya nne, zamu ilikuwa kwa seremala. Mama Skola akajibiwa yupo. Wakati wa kutoka kukatokea vurugu mlangoni, kubwa kuliko ya wiki zilizotangulia. Viatu vilikuwa lundo moja, huyu kavaa cha kushoto cha yule, mwingine anatafuta ndala yake chini ya benchi. Wakacheka sana. Mzee mmoja alikwenda nyumbani na ndala mbili za rangi tofauti na hakujua mpaka mjukuu alipomwonyesha.

Jumamosi ya tano vurugu ikarudi ileile. Katibu akasimama pale nje, amechuchumaa mbele ya lile lundo, akitafuta viatu vyake vyeusi, na mwenye nyumba akasema kwa kutania, "Siku hizi kuna shetani wa viatu. Zamani ukitoka unakuta vimepangwa mstari, vimegeukia nje, unatumbukiza mguu unakwenda zako."

Katibu akauliza, "Nani alikuwa anavipanga?"

Mwenye nyumba akafikiri. "Sijui. Nilidhani wewe."

"Mimi niko ndani na daftari, nitavipangaje?"

Wakaulizana pale pale, watu saba au wanane, kila mmoja na kiatu mkononi. Hakuna aliyejua. Kila mtu alidhani ni wenye nyumba wanaopanga, na wenye nyumba walidhani ni wageni. Miaka sita viatu vilipangwa, na hakuna aliyewahi kugeuka kuangalia ni mikono ya nani. Ndipo katibu akatazama ile sehemu karibu na mlango, mahali pale pa kukaa anayetoka wa kwanza kimyakimya wakati wengine wako kwenye wimbo wa mwisho. Ilikuwa tupu.

Akamgeukia mama mmoja, muuza mboga, Mama Bruno. "Leo wewe ndiye uliyemjibia Mama Skola. Yuko wapi?"

Mama Bruno akasema, "Mimi najuaje? Wiki iliyopita seremala alimjibia, nikajua wameagana."

Katibu hakungoja chai. Akatoka vile alivyo, kiatu kimoja chake na ndala moja ya mtu, akaenda kwa seremala ambaye alikuwa ametangulia kuondoka, akamkuta anapiga randa. "Fundi, Jumamosi iliyopita ulimjibia Mama Skola. Alikuaga?"

"Hapana. Nilimjibia kwa sababu mwenyekiti alimjibia wiki ya tatu. Mwenyekiti hawezi kusema tu."

Akaenda kwa mwenyekiti. Sasa alikuwa anakwenda kwa haraka, na watu waliomsalimia njiani hakuwaitikia. Mwenyekiti alikuwa anapiga mswaki nje. "Mzee, shikamoo. Wiki ya tatu ulimjibia Mama Skola. Ulijua yuko wapi?"

"Marahaba. Si Mama Bruno alimjibia wiki ya pili?" akasema mwenyekiti, povu mdomoni. "Nikasema hao ni marafiki, wanajuana. Na Mama Bruno mwenyewe aliniambia yeye alijibu kwa kuwa wiki ya kwanza alikuwa ameshajibiwa."

"Na wiki ya kwanza alijibu nani?"

Mwenyekiti akatema povu, akafuta mdomo, akamtazama kwa huruma fulani. "Ni wewe, katibu. Umesahau? Sote tulikuwa kimya. Ulisema 'Yupo' mwenyewe ukajiandikia mwenyewe."

Mmeona ilivyozunguka? Watu wanne, Jumamosi tano, kila mmoja ameegemea jibu la mwenzake, na ukifuata mpaka mwanzo unakuta mtu mmoja aliyesema ili mstari wake usiwe na doa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonitisha mimi. Ningeweza kuwakemea wenye nia mbaya nikarudi kula chakula changu.

Nyumba ya Mama Skola haikuwa mbali. Kutoka kwa mwenyekiti ni dakika kumi na tano kwa miguu, unashuka bondeni, unapanda. Katibu alizitembea dakika zile akiwaza mambo ambayo sitayasema hapa kwa kuwa kuna watoto. Alikuwa anasali, lakini sala yenyewe ilikuwa neno moja tu: asiwe, asiwe, asiwe. Jirani wa Mama Skola alikuwa mpangaji mgeni, anatoka na giza kwenda sokoni na kurudi jioni. Siku hiyo alikuwa amechelewa, katibu akamkuta anafunga mlango, akamwuliza. Yule akasema, "Yupo ndani. Anasema ana malaria. Namchotea maji nikiamka. Nilitaka kumpeleka zahanati, akaniambia usijisumbue, watu wangu wa jumuiya wanakuja."

Katibu akaingia uani. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa stuli. Stuli mbili, viti vitatu vya plastiki, gogo, ndoo iliyopinduliwa na kufunikwa kanga, vyote vimepangwa nusu duara mbele ya mlango. Vilikuwa na vumbi, na kuku alikuwa amelala juu ya kimoja. Kando, juu ya sinia, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kitambaa cha wageni. Na mlangoni, pamefagiliwa mahali pa kuwekea viatu.

Mama Skola alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kulia juu ya mto, umefungwa kwa kanga. Chumba kilikuwa na harufu. Alipomwona, uso wake ukafunguka, na hilo, wapendwa, katibu alisema baadaye, lilimuuma kuliko kutukanwa.

"Karibuni," alisema Mama Skola. "Mmekuja wangapi? Wengine wako nje?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

"Aa." Kisha akasema, "Basi karibu. Sikuamka kukupokea. Nilikanyaga kipande cha bati uani, na kwa sukari hii mguu umekufa ganzi, sikujua mpaka nilipoona damu kwenye ndala. Nikasema Jumamosi hii siwezi kwenda. Nikahesabu. Moja. Mbili. Ya tatu nikashukuru Mungu, nikajua Jumapili mtakuja, na kati yenu kuna vijana wenye bajaji, nitapata wa kunipeleka hospitali. Nikajikokota nikapanga viti. Nikaweka maharage jikoni. Nikasikia kengele ya Misa ya pili ikiisha."

Katibu alikuwa anakumbuka makofi. Saa ileile.

"Jioni nikayala maharage mwenyewe," akaendelea Mama Skola. "Nikasema labda nimekosea kuhesabu, maana nilikuwa na homa. Nikangoja Jumapili nyingine. Nikapanga tena."

"Mama, kwa nini hukupiga simu?"

"Nimpigie nani, nimwambie njooni mnitazame? Mtu unaona haya. Skola alipiga, nikamwambia sijambo, ana mtoto mchanga kule. Na kwa nini nipige, katibu? Mimi mwenyewe nimekwenda kwa watu kumi na mmoja kwa utaratibu ule. Tulikwenda kwako mwaka ule ulipovunjika mkono, unakumbuka? Hukutuita." Akamtazama vizuri. "Kwani daftari halikuonyesha?"

Hapo, ndugu zangu, katibu angeweza kusema. Hakusema. Alisema, "Mama, twende hospitali kwanza." Ni kweli kwamba mguu ulikuwa wa haraka. Ni kweli pia kwamba alishukuru kupata cha haraka.

Bajaji ikaja. Habari ikasambaa, na kufika mchana jumuiya karibu yote ilikuwa kwenye korido ya hospitali, mwenyekiti, seremala, Mama Bruno, kila mtu na chupa ya uji. Daktari, kijana mwenye macho yaliyochoka, akatoka na karatasi mkononi. Akauliza, "Huyu mama ni wenu?"

Wakasema, "Ndiyo, ni wa jumuiya yetu."

"Mguu huu una wiki tano. Wiki mbili zilizopita tungesafisha kidonda akarudi nyumbani. Sasa tunakata chini ya goti ili tumwokoe. Kwa muda wote huo, hakukuwa na mtu aliyeona kwamba hayupo?"

Watu waliomjibia Jumamosi tano, siku hiyo hakuna aliyemjibia.

Walimkata mguu Jumatatu. Alhamisi katibu akaenda wodini peke yake, daftari kwenye mfuko wa kitenge. Hakuwa amelala siku zote hizo. Alikuwa ameandaa maneno, lakini alipofika kitandani akafungua tu daftari na kumwekea mapajani. Mama Skola akafuata mstari wa jina lake kwa kidole. Vema, vema, vema, vema, vema. Mwandiko mzuri sana.

"Kumbe nilikuwepo," alisema.

"Tulikujibia, mama. Nilianza mimi. Tulifikiri tunakusaidia. Unajua mahudhurio yakiwa mabaya, watu wanavyosema. Tulitaka siku yako ikifika, usikose kuzikwa vizuri." Akaanza kulia. "Nisamehe."

Mama Skola alitazama pale ambapo shuka lilikuwa limelala bapa. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira, "Maziko yangu mmeyatunza vizuri. Ni mimi ndiye mliyenisahau."

Akafunga daftari, akalifungua tena. "Una kifutio?"

"Nina kalamu ya wino, mama. Haifutiki."

"Basi zikate. Zote tano. Andika sikuwepo."

"Lakini mama, nikizikata, huu ni mwezi mzima. Daftari litakuharibikia."

"Zikate, katibu," alisema Mama Skola. "Asiyekuwepo hutafutwa. Mimi nilikuwa nataka kutafutwa tu."

Katibu akatoa rula. Mstari ule ukatoka umepinda, wa kwanza kupinda katika maisha yake.

Hadithi imeishia hapo. Mnataka kujua kama alisamehe. Alisamehe, tena alisamehe pale pale, ndivyo walivyo watu wa namna yake. Na sasa anatembea kwa magongo, na Jumamosi bado anakaa karibu na mlango. Lakini msikimbilie hapo, maana naona wengine mmeshapumua. Mguu haukurudi.

Turudi kwetu sisi. Mwenye kondoo hutoka kwenda porini kwa sababu amehesabu na hesabu imepungua. Mkimwambia jioni kwamba wote wamo, atafunga zizi akalale, na kondoo atalia huko bondeni mpaka asubuhi. Hamkumwua ninyi. Mmemzuia tu anayetafuta asitoke. Je, hiyo ni huruma? Tunasema tunamfichia mwenzetu aibu. Tunaficha aibu au tunamficha yeye? Na tuseme kweli kabisa, sisi hatumjibii mwenzetu kwa ajili yake. Tunamjibia kwa sababu pengo likionekana, itabidi Jumapili mchana tushuke bonde na kupanda, na Jumapili mchana tuna mambo yetu.

Sisi tumeletewa jumuiya ndogo ili mtu asipotee. Kanisa hili likijaa hivi, mimi hapa mbele siwezi kuona nani hayupo, naona vichwa tu. Sebule ya watu kumi na tisa inaweza kuona. Ndiyo maana ni ndogo. Sasa ikiwa na yenyewe haioni, mtu atakwenda wapi kutokuwepo ili atafutwe?

Nilisema nimetunga, na kweli nimetunga. Hakuna Mama Skola. Ila yuko mtu mmoja katika hadithi ile mmempita bila kumwuliza swali, na nilitumaini mtampita. Ni paroko. Yule aliyesimama mbele akasifu daftari lisilo na pengo. Alikuwa anasifu nini? Aliuliza lini, hata mara moja, hivi kweli watu wote hawa hawaumwi, hawafiwi, hawakati tamaa mwezi mzima? Aliona karatasi safi akafurahi. Jumatano ofisini kwangu nilipokea madaftari kumi na manne kutoka jumuiya zenu. Niliyafungua moja baada ya jingine, na kumi na moja hayana pengo hata moja. Nilianza kufurahi. Nikachukua kalamu niandike hongera. Kisha nikaogopa, nikaiweka chini, na mpaka leo sijala vizuri.

Kwa hiyo leo hatutaimba wimbo wa baada ya mahubiri. Daftari la kwanza hili hapa, mnaliona, limefunikwa gazeti. Nitasoma majina yaliyomo, polepole, jina moja moja. Uliyepo, jibu nipo. Nikifika kwa mtu ambaye hayupo, nawaomba sana, na wewe unayemjua kuliko wote, na wewe uliyemjibia Jumamosi, usinisaidie.

Nyamazeni tu, nijue pa kwenda mchana huu.